Kuandika Logi Ndani ya Kerneli Bila Kuikwamisha Mashine

Anayeandika kiendeshi chake cha kwanza cha Linux hujifunza printk kabla ya karibu kitu kingine chochote. Inafanana na printf ya lugha ya C, inaitwa popote, na matokeo yake yanaonekana ukiandika dmesg. Ndipo inapojengeka imani kwamba mstari wa logi hauna madhara: ukitaka kujua thamani fulani, weka printk, jenga upya, angalia. Mara nyingi imani hiyo haimwangushi mtu. Lakini zipo sehemu za kerneli ambako mstari huo mmoja unaweza kuigandisha mashine nzima, kibodi isiitike, skrini isibadilike, na pasitoke hata neno moja la kueleza kilichotokea. Kilichokwama ni njia yenyewe ya kutolea taarifa, na mganga hajigangi.

Makala haya yameandikwa kwa wanaogusa msimbo wa kerneli: mwanafunzi mwenye Raspberry Pi na kitambuzi cha joto, fundi anayejenga upya kerneli ya simu ya Android, mhandisi anayetunza seva. Mifano yote ni ya Linux, kwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya simu nyingi tulizonazo mifukoni na historia ya printk yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Hoja yangu ni moja: kila printk ni ombi la kushika makufuli, na anayeiita anapaswa kujua ni makufuli gani ameshayashika tayari.

Kinachotokea ukiita printk

Kuna kazi mbili ndani yake, na ni vizuri kuzitenganisha kichwani. Ya kwanza ni kuhifadhi. Ujumbe unapangwa, unatiwa muda, unawekwa kwenye bafa ya mduara iliyo kwenye memori, ambamo ujumbe mpya hukalia nafasi ya ule wa zamani kabisa bafa inapojaa. Ya pili ni kuutoa ujumbe nje, kwenye konsoli. Konsoli inaweza kuwa skrini. Kwenye bodi ndogo na seva nyingi huwa ni poti ya siriali.

Kuhifadhi ni kwepesi. Kutoa nje ndiko kwenye gharama. Poti ya siriali inayokwenda kwa kasi iliyozoeleka ya biti 115,200 kwa sekunde hutumia biti 10 kwa kila herufi, yaani herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 unachukua karibu milisekunde 7. Kwa prosesa ya gigahezi 1, hiyo ni mizunguko milioni 7 inayopita huku waya ukisubiriwa.

Katika mpangilio wa jadi, anayeita printk hujaribu kushika kufuli la konsoli. Akilikosa, anauacha ujumbe wake kwenye bafa na kuendelea na shughuli zake, kwa kuwa aliyelishika atautoa. Akilipata, anabeba mzigo wa wote: haliachii mpaka amalize kila ujumbe uliomo, pamoja na ule unaoongezwa na prosesa nyingine wakati yeye bado anaandika. Prosesa moja iliweza kunaswa humo muda mrefu hadi mlinzi wa kerneli, ambaye kwa kawaida hulalamika prosesa ikikaa zaidi ya sekunde 20 bila kupisha kazi nyingine, naye aanze kumimina malalamiko yake kwenye bafa ileile. Mwaka 2018, katika toleo la 4.16, Steven Rostedt aliingiza utaratibu wa kupokezana: prosesa inayokuja na ujumbe husubiri kidogo, kisha hupokea zamu ya kuandika kutoka kwa iliyotangulia. Kumbuka kusubiri huko kudogo. Tutakutana nako tena.

Namna mashine inavyojifunga

Mwaka 1971 E. G. Coffman, M. J. Elphick na A. Shoshani waliandika masharti manne ambayo lazima yakutane ndipo mkwamo utokee. Kuna kitu kinachotumiwa na mmoja tu kwa wakati. Aliyekishika hakiachii huku akisubiri kingine. Hakuna wa kumnyang'anya. Na wanaosubiriana wanafunga duara. Kila dawa iliyobuniwa kwa printk ni kuvunja mojawapo ya hayo manne.

Mkwamo mwepesi kuuelewa ni wa prosesa inayojisubiri yenyewe. Kwa miaka mingi bafa ya logi ililindwa na kufuli moja, logbuf_lock, la aina ya spinlock: asiyelipata halali, anabaki akizunguka papo hapo akiuliza tena na tena kama limeachiwa. Kabla ya kulishika, printk ilizima makatizo ili kiendeshi chochote kisiingie kati. Lakini lipo katizo lisilozimika, NMI, ambalo mlinzi wa kerneli hulitumia kuichunguza prosesa iliyoganda. Chukulia NMI imetua wakati prosesa imeshika logbuf_lock, na msimbo wa NMI nao ukaita printk. Unaanza kuzunguka ukisubiri kufuli. Mwenye kufuli ni msimbo uliokatizwa kwenye prosesa hiyohiyo, na hautarudi kazini mpaka NMI imalize. NMI nayo haimalizi.

Wa pili unahusu kipanga zamu, ile sehemu ya kerneli inayoamua ni kazi ipi ipewe prosesa, na ndio ninaoutaka msomaji aufuatilie hatua kwa hatua. Kila prosesa ina foleni yake ya kazi, na kila foleni ina kufuli lake, rq->lock. Tuseme uko ndani ya msimbo huo, umeshika rq->lock, na umeweka printk kuchungulia namba fulani. Ujumbe unahifadhiwa, hakuna tatizo. Kufuli la konsoli linajaribiwa na kupatikana, hakuna tatizo. Ujumbe unaandikwa kwenye poti, polepole lakini unaisha. Sasa kufuli la konsoli linaachiwa. Kufuli hili si la kuzunguka; wanaolisubiri hulala. Anayeliachia kwa hiyo ana wajibu wa kumwamsha aliye mbele kati ya waliolala. Kuamsha kazi maana yake ni kuirudisha kwenye foleni ya prosesa, na kugusa foleni kunahitaji rq->lock. Unayo wewe, tangu mwanzo, na huwezi kuiachia kwa sababu bado uko ndani ya printk.

Tazama mashine ilipokwama hasa. Haikuwa kwenye kuandika, ilikuwa kwenye kuachia. Na inakwama pale tu ambapo kuna aliyelala akilisubiri kufuli la konsoli. Asipokuwepo, hakuna wa kuamshwa na kila kitu kinapita salama. Ndiyo maana msimbo wa aina hii unaweza kufaulu majaribio yote ya ofisini, ukafanya kazi majuma kadhaa, kisha ukaiangusha seva siku ambayo programu nyingine iliihitaji konsoli sekunde hiyohiyo.

Wapo wanaojaribu kuikwepa hatari hii kwa kupunguza kiwango cha ujumbe wa konsoli, kwa dmesg -n 1 au kwa neno quiet wakati wa kuwasha mashine. Hilo linaondoa uchelewaji, basi. Katika mpangilio wa jadi ujumbe usiotakiwa hauandikwi, lakini kufuli la konsoli bado linashikwa na kuachiwa, na kuamsha kunafuata kama kawaida.

Mkwamo wa tatu ni wa duara lenye wahusika kadhaa, ambao kila mmoja peke yake hana kosa. Mwaka 2022 ulirekebishwa mmoja wa namna hiyo katika msimbo wa tty. Fanksheni pty_write, inayohudumia madirisha ya teminali, ilikuwa ikishika kufuli la poti ya tty kisha ikiomba memori. Maombi ya memori yakishindikana, kerneli huandika onyo yenyewe, hata kama wewe hukuandika printk popote. Onyo hilo likaingia kwenye kule kusubiri kupokezwa konsoli. Konsoli ilikuwa mikononi mwa prosesa nyingine, iliyokuwa ikisubiri kufuli la poti ya siriali. Kufuli la poti ya siriali lilikuwa kwa prosesa ya tatu, ndani ya katizo la poti hiyo, ikisubiri kufuli la poti ya tty. Duara likafungika. Marekebisho yalikuwa alama moja iliyoongezwa kwenye ombi la memori, __GFP_NOWARN, inayomwamuru mgawaji memori akishindwa anyamaze. Ukisoma msimbo wako ukitafuta hatari, basi usitafute neno printk peke yake. Tafuta pia kila fanksheni inayoweza kulalamika kwa niaba yako.

Walio nje ya kerneli nao wana ndugu wa tatizo hili. Julai 2024 watafiti wa Qualys walitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2024-6387 ndani ya seva ya OpenSSH kwenye Linux zinazotumia glibc. Mtu asipomaliza kuingia ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida sekunde 120, signali SIGALRM ilitumwa, na msimbo wa kuipokea ukaita syslog ili kuandika logi. syslog yaweza kuomba na kuachia memori, na signali ilikuwa ikiweza kutua katikati ya programu ikiipanga memori yake hiyohiyo. Madhara hayakuishia kwenye kuganda: mshambulizi stadi aliweza kuendesha msimbo wake kwa mamlaka ya root. Kosa la aina hiyohiyo lilikuwa limesharekebishwa mwaka 2006, likarudi bila kukusudiwa. Kwa hiyo hata kama hutaandika kiendeshi maisha yako yote, usiite syslog wala printf ndani ya kipokea-signali. Weka alama kwenye kigezo, rudi, uandike logi ukiwa kwenye mkondo wa kawaida wa programu.

La kufanya kwenye msimbo wako

Dawa inayofaa mara nyingi zaidi ni ileile: nakili, achia, ndipo uandike. Unahitaji kufuli ili kusoma hali ya kifaa. Huhitaji kufuli ili kuieleza.

spin_lock_irqsave(&kifaa->kufuli, bendera);
hali = kifaa->hali;
makosa = kifaa->makosa;
spin_unlock_irqrestore(&kifaa->kufuli, bendera);
if (hali & HALI_MBAYA)
    dev_warn_ratelimited(kifaa->dev, "hali %x, makosa %u\n", hali, makosa);

Mistari miwili ya ziada ya kunakili imelinunua lile unalolihitaji: wakati wa kuandika, mikono yako ni mitupu. Jina linaloishia na ratelimited nalo lina kazi yake. Kwa kawaida linaruhusu ujumbe 10 katika kila sekunde 5 na kuuzuia unaozidi. Kifaa kilichoharibika kinaweza kutoa makatizo maelfu kwa sekunde, na kwa hesabu ya milisekunde 7 kwa mstari, poti ya siriali haiwezi kumaliza hata mistari 150 kwa sekunde moja. Kwa onyo linalotosha kusemwa mara moja tu tangu mashine kuwashwa, tumia pr_warn_once.

Ukiwa ndani ya kipanga zamu au msimbo wa kutunza saa, huenda kuachia kufuli kusiwezekane. Hapo tumia printk_deferred, iliyoanza kwa jina la printk_sched. Inahifadhi ujumbe papo hapo na kuiachia kazi ya kuutoa nje kwa katizo dogo litakalokuja baadaye. Uangalifu mmoja: WARN_ON haipiti njia hiyo yenyewe. Mtu anaweza kuzigeuza printk zake zote kwa bidii, akaiacha WARN_ON moja katikati ya rq->lock, na ndiyo itakayomwangusha. Matoleo ya karibuni yana printk_deferred_enter na printk_deferred_exit, ambazo huzungushiwa kipande kizima cha msimbo makatizo yakiwa yamezimwa, na kila ujumbe ndani yake huahirishwa.

Kwa uchunguzi wa sehemu zinazopitwa mara nyingi sana, napendekeza trace_printk bila kusita. Inaandika kwenye bafa nyingine kabisa, ya ftrace, haigusi konsoli, na inaweza kuitwa hata ndani ya NMI. Iondoe kabla ya kutuma msimbo kwa wengine. Kerneli iliyojengwa nayo huonyesha onyo kubwa la kukusudia, kuwa ni ya uchunguzi na haifai kazini.

Anayeandika kiendeshi cha konsoli yenyewe ana sharti kali kuliko wote: asiandike logi akiwa ameshika kufuli la poti yake, kwa sababu logi hiyo itarudi mlangoni kwake kuliomba kufuli hilohilo. Pia aangalie oops_in_progress, kigezo kinachosema kuwa mashine inaanguka. Kiendeshi cha siriali cha 8250 kinatoa mfano mzuri: mashine ikiwa katika hali ya kuanguka, hakisubiri kufuli, kinalijaribu tu, na kikilikosa kinaandika hivyohivyo. Herufi zinaweza kuchanganyika, lakini ripoti iliyochafuka bado inasomeka, na isiyotoka haisomeki.

Kerneli ilivyojitibu

Dawa ya NMI ilianza na Petr Mladek mwaka 2016, katika toleo la 4.7: kila prosesa ilipewa bafa yake ndogo ya kuhifadhi ujumbe wa NMI hadi pawe salama. Mwaka uliofuata Sergey Senozhatsky aliupanua utaratibu huo ili uilinde printk inapojiita yenyewe. Ulisaidia, ila ulikuwa kiraka. Mashine ikifa kabla bafa hizo ndogo hazijamwagwa kwenye bafa kuu, ujumbe unaotakiwa kuliko wote unazikwa nayo.

Tiba ya mzizi ililetwa na John Ogness. Desemba 2020 toleo la 5.10 lilitoka likiwa na bafa ya mduara aliyoiandika upya ili isihitaji kufuli kabisa: waandishi hutengewa nafasi kwa operesheni za atomiki, na NMI inayotua katikati huchukua nafasi yake bila kumsubiri yeyote. Bafa ndogo za kila prosesa ziliondolewa katika toleo la 5.15 mwaka 2021.

Ikabaki konsoli. Mpangilio mpya, uitwao nbcon, unampa kila mwandishi wa konsoli ngazi ya umuhimu: kawaida, dharura, au mashine kuanguka. Wa ngazi ya juu anaweza kumpokonya wa chini, ila pale tu ambapo kiendeshi kimesema ni salama kupokonywa. Kuipora konsoli kwa nguvu hubaki kuwa jaribio la mwisho kabisa mashine inapoanguka. Nyakati za kawaida kuandika hufanywa na uzi maalumu wa konsoli, kwa hiyo aliyeita printk anahifadhi na kuondoka. Kazi hii ilikuwa miongoni mwa vikwazo vya mwisho vya PREEMPT_RT, mradi wa takriban miaka 20 wa kuipa Linux uhakika wa muda, ambao uliingia rasmi katika toleo la 6.12 la Novemba 2024.

Je, msomaji aache kuhangaika? Bado. Andika uname -r kwenye bodi au simu unayofanyia kazi. Bodi na simu nyingi huendeshwa na kerneli ya mtengenezaji iliyobaki kwenye matoleo ya zamani, na hata kwenye kerneli mpya konsoli ambayo kiendeshi chake hakijageuzwa kuwa nbcon inafuata njia ya jadi, pamoja na makufuli yake yote.

Kuutafuta mkwamo

Usisubiri mashine igande ndipo uanze kutafuta. Jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING, inayowasha lockdep, chombo cha Ingo Molnar kilichoingia mwaka 2006 katika toleo la 2.6.18. Lockdep hukumbuka mpangilio wa kushika makufuli. Ikiona mahali pamoja A likishikwa kabla ya B, na mahali pengine B kabla ya A, inatoa ripoti hata kama mkwamo haujawahi kutokea. Ripoti yenyewe hupita kwenye printk, na baada ya ripoti ya kwanza lockdep hujizima. Kwa hiyo rekebisha hiyo ya kwanza, uwashe tena, usidhani ukimya uliofuata ni dalili ya usalama.

Kwenye kifaa halisi tenga sehemu ndogo ya memori kwa ajili ya ramoops. Ujumbe wa kuanguka huandikwa humo, na mashine ikiwashwa tena bila kukatiwa umeme unausoma kupitia pstore. Kibodi ikiwa bado inaitika, SysRq na herufi l huonyesha kila prosesa inayofanya kazi iko wapi, na herufi w huonyesha kazi zilizozuiliwa. Lakini vyote viwili hutegemea konsoli ambayo huenda ndiyo iliyokwama.

Ndiyo maana kwa mkwamo wa printk mimi huchagua QEMU. Iwashe kwa -s, unganisha gdb kwenye poti 1234, endesha jaribio mpaka igande, kisha uisimamishe na uandike thread apply all bt. Kwa gdb kila prosesa ya QEMU ni uzi mmoja, na huhitaji ushirikiano wowote wa kerneli iliyoganda. Kwenye x86 tafuta native_queued_spin_lock_slowpath juu ya rundo la fanksheni: hiyo ni prosesa inayozunguka ikisubiri kufuli. Shuka chini yake mstari kwa mstari. Ukikutana na console_unlock, endelea kushuka mpaka upite vprintk na printk yenyewe, na fanksheni iliyo chini ya hapo ndiyo iliyoandika ujumbe. Ifungue, uangalie imeshika kufuli gani, ulinganishe na lile linalosubiriwa juu.